Mgeni kituoni: moyo wa kazi, unyenyekevu na kujifunza vinaonekanaje kwenye zamu?

Kurutu_Mpya:
Wakuu, salaam. Nimemaliza mafunzo ya awali ya zimamoto na karibuni naanza zamu. Kila mkufunzi alituaga kwa maneno yale yale: ipendeni kazi, nyenyekeeni, msiache kujifunza. Sipingi, ila maneno hayo hayaniambii nishike nini saa ya kwanza ya zamu. Naomba vitu vya kushikika. Nikague nini na kwa kipimo gani? Mgeni anasema lini mbele ya wakubwa zake? Na kuna nini kipya ambacho vitabu vya zamani vimekiacha? Msinitajie majina ya vifaa tu, nielezeni huwa vinaharibikia wapi.

Fundi_Pampu:
Karibu, mdogo wangu. King'ora kikilia kila mtu anakimbia, kwa hiyo hapo huwezi kujua nani anaipenda kazi. Mtazame mtu anavyokagua kifaa chake zamu inapoanza, wakati hakuna anayemwangalia.

Anza na kifaa cha kupumulia. Soma geji ya mtungi: kama ni wa bar 300 (bar ni kipimo cha shinikizo) na unaonyesha chini ya 270, badilisha. Fungua valvu hadi mwisho, acha mfumo ujae, kisha ifunge na uangalie sindano kwa dakika 1. Ikishuka zaidi ya bar 10 kuna uvujaji, na mara nyingi ni oringi (pete ya mpira) ya pale mtungi unapoungana na kipunguza shinikizo: imekauka, imepasuka au imeingia mchanga. (Mtengenezaji wa kifaa chenu akiwa na kiwango chake, fuata hicho.) Baada ya hapo toa hewa polepole na usikilize filimbi ya onyo. Kwenye vifaa vingi inalia kati ya bar 60 na 50. Ukiitoa hewa kwa pupa utaipita bila kujua kama ilichelewa.

Barakoa nayo: ivae, ziba tundu la hewa kwa kiganja, vuta pumzi. Inatakiwa ikugande usoni na ibaki hivyo kwa sekunde kama 10. Ndevu za siku mbili zinatosha kuharibu mshiko huo. Kwa kuwa shinikizo la ndani ni kubwa kuliko la nje, uvujaji mdogo hautakuletea moshi mara moja, utakumalizia hewa kimyakimya. Ndiyo maana wengi hawaugundui.

Pampu ndiyo watu huipita haraka mno. Funga valvu zote, weka vifuniko, vuta hewa iliyomo hadi takriban bar 0.75 chini ya hewa ya nje, zima kifaa cha kuvutia hewa, subiri dakika 5. Ikipoteza bar 0.3 au zaidi, usianze kulaumu pampu. Tazama kwanza koki ya kumwagia maji iliyosahaulika wazi, halafu gasketi za mipira ya kufyonzea maji, halafu sili (kizuia uvujaji) ya shafti. Pampu yenye uvujaji wa namna hii itafanya kazi vizuri kabisa kwenye haidranti (bomba la maji la zimamoto), kwa sababu pale maji yanakuja yenyewe kwa shinikizo. Siku utakapofyonza kutoka mtoni au kisimani itakataa. Kinadharia usawa wa bahari unakupa kama mita 10 za kuinua maji. Kwa vitendo panga 7, na ukiwa nyanda za juu hata 7 usizitegemee.

Na jua hesabu ya tangi lako kwa kichwa. Lita 2,000 kwa nozeli (mdomo wa mpira wa maji) ya lita 400 kwa dakika ni dakika 5. Nozeli mbili, dakika 2 na nusu. Anayeijua hesabu hii haulizi kwa nini dereva anahangaikia haidranti kabla hata ya kuona moto.

Lita_Kwa_Dakika:
Naongezea kwenye hewa, kwa sababu hapo ndipo unyenyekevu unapopimika kwa namba.

Mtungi wa lita 6.8 kwa bar 300 una lita 2,040 kwa hesabu ya karatasi. Kiuhalisia ni pungufu kidogo, maana kwenye shinikizo hilo hewa haishindiliki sawasawa na kanuni. Kabla ya filimbi, tuseme bar 55, una bar 245, yaani kama lita 1,666. Ukipumua lita 40 kwa dakika hiyo ni dakika 41. Ukiburuta mpira uliojaa maji kupanda ngazi unaweza kufika lita 80, na dakika zinabaki 20. Mtungi ni ule ule. Kwa hiyo mtu akisema "huu ni mtungi wa dakika 45", muulize: kwa mapafu ya nani, akifanya kazi gani?

Kanuni nzuri: hewa uliyotumia kuingia, weka mara mbili yake kwa ajili ya kutoka. Umeingia na 300, umefika unapofanyia kazi ukiwa na 260. Umetumia 40, ya kurudi ni 80, jumlisha akiba ya filimbi 55. Ikifika 135 mnageuka, timu nzima, kwa geji ya yule mwenye hewa kidogo. Filimbi ikukute nje au mlangoni. Wanaosubiri filimbi ndipo waanze kutoka wanatumia akiba iliyowekwa kwa ajili ya kupotea njia.

Majivuno yanaingia hapa: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema "nimebaki na kidogo". Timu nzuri hulimaliza jambo hili kabla halijaanza. Kiongozi anauliza geji kila baada ya dakika chache, kila mtu anataja namba, na hakuna utani juu ya anayetumia nyingi. Mtu mkubwa wa umbo atatumia zaidi. Ni maumbile.

Kurutu_Mpya:
Shukrani sana, hizi nazinakili. Sasa ile ya kusema: nikiona hatari na kiongozi wangu hajaiona, au ameiona akaamua tuendelee? Mafunzoni tuliambiwa mgeni anasikiliza.

Kamanda_Mstaafu:
Kusikiliza, ndiyo. Kunyamaza na hatari mkononi ni jambo jingine kabisa, mwanangu, na wanaokuambia ni heshima wanakupoteza.

Sema vitu vitatu kwa mpangilio: unachokiona, maana yake, unachopendekeza. "Kiongozi, dari limebonyea juu ya mlango wa nyuma. Linaweza kuanguka nyuma yetu. Naomba turudi mlangoni." Usianze na "samahani, sijui kama ni kweli lakini..." Kwenye redio na ndani ya barakoa, maneno yanayosikika ni yale ya mwanzo, na wewe umeyatumia kuomba radhi. Asipojibu, rudia ukimwita kwa jina la wito. Akijibu kwamba ameona na ana sababu, yamekwisha, fuata amri. Mjadala utafanyika nje. Ila kwenye jengo linaloonyesha dalili za kuporomoka, au hewa ikiwa imefika kikomo, yeyote anaweza kusema "tutoke", na wote mnatoka.

La pili, ombi la msaada kwako mwenyewe. Watu huchelewa kuita kwa sababu wanaona aibu, wanajaribu kujinasua kwanza na hewa inaisha. Ita mapema: umenasa, umepotea, umetumbukia, hewa inaelekea kuisha. Toa ulipo, wewe ni nani, kilichokupata, hewa yako kwa bar, unachohitaji. Zungumza kwanza, ndipo uwashe king'ora chako cha mwilini, kwa sababu kikilia hakuna atakayesikia neno lako redioni. Fanyeni zoezi hili mkiwa na barakoa na glovu, maana kitufe cha redio ambacho unakipata kirahisi kwa vidole vitupu ukivaa glovu nene hukioni.

Mfagia_Gereji:
Kwa kifupi tu: kufagia, kuosha gari na kuamka wa kwanza ni adabu njema, fanya. Lakini wapo wanaofagia vizuri sana na hawajui adapta ya kuunganishia mipira miwili tofauti ya maji iko kabati gani. Ukiosha gari, fungua kila kabati na useme kimoyomoyo kilichomo kabla hujatazama. Utakuwa umefanya kazi mbili.

Moshi_Mzito:
Upande wa kujifunza. Moto wenyewe umebadilika, ndiyo maana ya zamani hayatoshi. Maabara ya upimaji wa usalama ya UL huko Marekani iliwasha vyumba viwili: kimoja chenye samani za sasa za vitambaa vya sintetiki na povu la plastiki, kingine chenye samani za zamani za mbao na pamba. Cha sasa kililipuka chote kwa mkupuo chini ya dakika 5. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa. Maana yake, mara nyingi unafika wakati moto umekwisha kula oksijeni na unasubiri hewa tu. Ukiupasulia dirisha au kuacha mlango wazi kabla maji hayajawa tayari, wewe ndiye umeulisha. Mlango wa kuingilia awepo mtu wa kuulinda, auache wazi kwa upana wa mpira unaopita, basi.

Pia lile fundisho kwamba maji ya kutoka nje "yanausukuma moto kwa waliomo ndani": vipimo vimeonyesha kinachosukuma ni hewa inayobebwa na maji. Mkondo ulionyooka, uliotulia, unaogonga dari kwa pembe kali kupitia dirishani, unapoza chumba na kuacha tundu la kutolea moshi. Mkondo wa ukungu uliojaza dirisha lote, au nozeli inayozungushwazungushwa, ndio unaoleta shida.

Betri za lithiamu zisome peke yake. Moshi wake mweupe unafanana na mvuke, lakini ni gesi inayowaka, yenye sumu, na ikijikusanya chumbani inaweza kulipuka. Inahitaji maji mengi ya kupoza, na inaweza kuwaka upya baada ya saa nyingi au hata siku kadhaa. Gari la umeme lililoungua likiegeshwa, liwe mbali kama mita 15 na majengo au magari mengine.

Na kuna mwili wako. Mwaka 2022 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Koti lenye masizi lilikuwa alama ya ushujaa; sasa ni uchafu wenye sumu. Ukitoka, usivue barakoa kwanza. Mwenzako akusugue kwa brashi, maji na sabuni ukiwa bado unapumua hewa ya mtungi. Nguo zitiwe kwenye mfuko, zisipande nawe kwenye kabini. Futa shingo, taya na mikono palepale, oga mapema ukifika. Barakoa ibaki usoni hata wakati wa kuchokoa masalia: moshi umeisha machoni, lakini gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu.

Kurutu_Mpya:
Swali la mwisho. Baada ya tukio, mnajifunzaje kutokana nalo bila kugeuka kesi?

Kamanda_Mstaafu:
Dakika 10, kabla hamjaondoka eneo, mkishanawa na kunywa maji. Maswali manne: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini vilitofautiana, kesho tunabadilisha nini. Anaanza mdogo, kiongozi anamalizia, kwa sababu mkubwa akishasema wadogo watakubaliana naye tu. Jambo linalohusu kifaa liandikwe na lipewe mwenyewe wa kulirekebisha pamoja na tarehe. Kama kuna aliyeumia au kufariki, achaneni na maswali hayo siku hiyo, mrudi kwenye ufundi mkishapumzika.

Fundi_Pampu:
Na mitungi iliyotumika ibadilishwe kabla ya kikao hicho, Kurutu. Wito wa pili hausubiri mmalize kuongea.