Huyu wa miwani myeusi katucheka, tena ndani ya albamu yenyewe!

Sikio la Kufa (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu, ila leo salamu ziwe fupi maana povu limeshafika puani.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa miwani myeusi mchana na usiku, ambaye sura yake imekaa kwenye simu zetu muda mrefu hadi mama yangu akaniuliza kama ni ndugu aliyepotea na tunamtafuta. Huyo huyo. Albamu kaiachia usiku wa kuamkia leo, sijalala, na si kwa utamu.

Sasa nendeni wimbo namba saba. Mkitoka huko mrudi tuongee.

Mnakikumbuka kile kionjo? Kile cha sekunde 15 alichotutesa nacho msimu mzima. Anashuka ngazi polepole, mvua inamnyeshea yeye peke yake, farasi mweupe kasimama pembeni bila kazi yoyote, chozi moja linachungulia chini ya miwani, sauti inapandaaa... kinakatika. Dunia nzima ikakicheza. Watu wamekiweka kwenye video za harusi. Kuna mmoja humu ndani (na yeye simtaji) aliandika aya kumi na moja kwamba lile chozi ni kuzaliwa upya kwa muziki. Ukilalamika kidogo unaambiwa subiri wimbo kamili. Subiri wimbo kamili!

Wimbo kamili huo hapo. Dakika moja na sekunde nne. Ni kile kile kionjo, sekunde 15, kimerudiwa mara nne. Pumzi ile ile, mvua ile ile, hata farasi anasikika. Na zile sekunde nne za mwisho ANACHEKA.

Anacheka jamani. Wala si kicheko cha mtu mwenye furaha. Ni kile cha chini chini, "hehe", cha mtu aliyekuona unateleza akajifanya anaangalia pembeni. Halafu kimya, namba nane inaanza kana kwamba hakuna aliyekufa.

Sina ugomvi na nyimbo mbaya mimi. Namba mbili mdundo upo, ila maneno yote ni majina ya nguo. Namba tano kaimba mgeni mwalikwa mwanzo mpaka mwisho, mwenye albamu anaitikia kwa mbali kama mtu aliyeko bafuni. Namba kumi na mbili ni ujumbe wa sauti wa meneja wake anamsifia. Namba kumi na mbili sijui hata inachezwaje kwenye sherehe. Haya yote nasamehe. Kicheko sisamehi.

Tena jana usiku yuko mubashara, dada wa watu kamuuliza kwa adabu zote, "Mbona namba saba imekuwa fupi?" Akajibu sanaa haipimwi kwa saa. Akasukuma miwani juu kwa kidole kimoja. Akacheka. KICHEKO KILE KILE. Ina maana alishakifanyia mazoezi!

Mahojiano yote aliyozunguka, kaulizwa kaachana na nani, karudiana na nani, ugomvi na yule mwenzake umefikia wapi (umeisha jana, bahati iliyoje). Hakuna aliyemuuliza kuhusu muziki. Majalada ya albamu manne ya rangi tofauti, nyimbo ndani zile zile, na watu wananunua yote manne ili seti itimie. Na marashi ametoa. Marashi hayo, nasikia, yanadumu zaidi ya dakika moja na sekunde nne.

Naomba kuwasilisha.

Jeshi la Miwani

Wivu huo. Albamu inaongoza kila mahali, wewe uko macho usiku kucha unahesabu sekunde. Nani kakucheka kama si maisha?

Mzee wa Kaseti

Mtoa mada umeingizwa mjini, tena kwa nauli yako mwenyewe. Sisi tulinunua kaseti ya mtu hatujui hata ana masikio mangapi. Unasikia wimbo redioni, unaupenda, unaitafuta. Ninyi mnaanza na picha, mnaingia kwenye marashi, muziki mnaukuta mwishoni umeshapoa.

Noti Kavu

Mzee acha kupaka zamani rangi. Mwaka 1995 Michael Jackson alipotoa albamu ya HIStory walitengeneza sanamu lake kubwa wakaliweka likielea kwenye mto Thames pale London. Sanamu, juu ya maji! Makeke hayakuanza na simu.

Mzee wa Kaseti

Na ulipofungua kasha ulikuta nyimbo au ulikuta hehe?

Noti Kavu

Hapo umenipata.

Mjumbe Hauawi

Ngoja niwape habari mbaya, mniue mkitaka. Huo urefu si ubahili, ni hesabu. Spotify, wale wa muziki wa mtandaoni, wanahesabu wimbo umesikilizwa ukishavuka sekunde 30. Kwa hiyo wa dakika moja na wa dakika saba, kila mmoja ni punje moja kwenye kapu. Na Marekani, RIAA (chama cha kampuni za rekodi) wanapotoa zile tuzo za dhahabu za mauzo, tangu 2016 kusikilizwa mara 1,500 mtandaoni wanakuhesabu umeuza albamu moja. Sasa wewe ungekuwa meneja ungempa msanii nyimbo tisa ndefu au ishirini na kitu fupi fupi? Chris Brown mwaka 2017 alitoa albamu yenye nyimbo 45. Arobaini na tano. Ukiianza baada ya chakula cha mchana unamaliza jioni.

Sikio la Kufa

Sasa ukisema sekunde 30 zinatosha, si angekata kabla ya kicheko? Mbona kicheko kakiweka mwishoni kabisa, mahali ambapo hakihesabiwi popote? Kile hakikuwa cha hela. Kile kilikuwa chetu sisi.

BintiKinanda

Nimecheka kama mazuri. Mtoa mada anaumwa na kicheko 😂😂

Ila tuseme ukweli, masikio yetu wenyewe yanaongozwa na macho. Mwangalieni Mariah Carey. Mwaka 2001, wiki chache kabla ya albamu yake Glitter, alikuwa kachoka hadi akalazwa hospitali, magazeti yakamgeuza kichekesho, kisha albamu ikatoka siku ile ile ya 11 Septemba. Ikaitwa takataka. Kampuni yake ya rekodi ikamlipa dola milioni 28 avunje mkataba aende zake. Halafu 2018 mashabiki wakaamua kuipigania, wakaisukuma mpaka namba moja iTunes, duka la muziki la Apple, kule Marekani. Nyimbo zile zile, hakuna noti iliyoongezwa. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyokuwa wanamtazama yeye.

Jeshi la Miwani

Asante BintiKinanda! Kwa hiyo baada ya miaka 17 mtaielewa namba saba.

BintiKinanda

Mimi sikusema hivyo, usinibebeshe farasi wako.

Besi Nzito

Kwa nini wasiache kutangaza kabisa? Beyoncé 13 Desemba 2013 aliachia albamu usiku bila onyo, nyimbo 14 na video 17 kwa mpigo, iTunes tu. Siku tatu Marekani peke yake ikauza nakala zaidi ya 617,000. Hakuna mvua, hakuna ngazi.

Noti Kavu

Besi, kutokutangaza kwa mtu ambaye ameshatangazwa miaka kumi na tano ni tangazo kubwa kuliko yote. Jaribu wewe kuachia albamu kimya kimya usiku wa manane. Itabaki kimya kimya.

Besi Nzito

Nilishajaribu. Imebaki.

Mjumbe Hauawi

Upande wa pili wa shilingi, 2014 albamu ya bendi ya U2 iliwekwa bure kwenye akaunti karibu milioni 500 za iTunes bila mtu kuomba. Watu hawakuzungumzia wimbo hata mmoja, walizungumzia namna ya kuifuta. Apple ikabidi watoe njia maalumu ya kuiondoa. Ukimlazimisha mtu zawadi anaiona uchafu.

Sikio la Kufa

Sawa, lakini U2 hawakucheka.

Sauti ya Nyuma

Wakuu nimekichukua kile kicheko nikakigeuza nyuma mbele, nikapunguza kasi. Kinasema "nunua la kijani". Na jalada la nne ni la kijani. Sitaki kusema mengi.

Jeshi la Miwani

Mnaona? Albamu ina tabaka. Nyie mnaisikiliza juu juu.

BintiKinanda

Tabaka la kijani nalijua, lipo kwenye mkate uliolala.

Mzee wa Kaseti

Mtoa mada, neno "kicheko" umelirudia mara ngapi kwenye huu uzi? Na wewe una sekunde 15 zako unazizungusha. Kaombe kazi kwa jamaa.

Sikio la Kufa

Mzee wangu nakuheshimu, ila ungekisikia kwa spika za masikioni, usiku, taa imezimwa, umefumba macho unasubiri lile chozi... "hehe". Sikioni. Karibu kabisa. Ungenielewa.

Kiitikio

Bora wenu kawacheka mara moja. Wetu kila albamu anatangaza ni ya mwisho. Tunalia, tunanunua, tunaandika risala za kumuaga, mwaka haujaisha karudi na "ya mwisho kweli". Nimeshamuaga kuliko nilivyowaaga ndugu zangu.

Dansa Mstaafu

Nyie wote mnalalamikia rekodi. Mimi wangu nilimfuata jukwaani. Kaingia wakati wazee tumeshaanza kuamka kwa zamu, kipaza sauti kiko kiunoni na sauti inaendelea kutoka. Anapunga mikono yote miwili na anaimba! Mimi na macho yangu!

Noti Kavu

Dansa, hayo yana wazee wake. Wale wawili wa Milli Vanilli walipewa tuzo ya Grammy mapema 1990, mwezi Novemba wakanyang'anywa, kumbe waliokuwa wanaimba ni watu wengine kabisa waliofichwa studio. Wao walikuwa sura na nywele.

Dansa Mstaafu

Angalau wale walikuwa wanacheza vizuri. Wangu alisimama tu.

Kiitikio

Wangu hata kusimama anasimamiwa na wachezaji.

Sikio la Kufa

Jamani turudi kwenye mada. Namba saba. Sekunde nne za mwisho.

Fulana Bure

Kuna anayekumbuka enzi ukinunua fulana unapewa na albamu? Mtu hana hata habari ya muziki, anataka fulana, kumbe kahesabiwa kanunua albamu. Billboard, wale wapanga chati za Marekani, walikuja kuzikata hizo hesabu 2020. Mimi nina fulana ya mtu ambaye sijui anaimba nini. Kitambaa kizuri lakini, haijapauka.

Besi Nzito

Tupia picha ya fulana mkuu.

Mpita Njia

Mtoa mada swali dogo, uliisikiliza kwa mpangilio au ulichanganya? Maana ukichanganya, kile kicheko kinaweza kuja kabla ya namba tatu na maana inabadilika.

Mjumbe Hauawi

Nani anachanganya albamu siku ya kwanza? Hata mwimbaji Adele 2021 aliwaomba Spotify kitufe cha kuchanganya kisiwe cha kwanza kwenye ukurasa wa albamu, na wakakubali. Alisema mpangilio unasimulia hadithi.

Mpita Njia

Mimi huwa nachanganya. Albamu ikishindwa kusimama bila mpangilio hiyo si albamu, ni foleni.

Mzee wa Kaseti

Kaseti haikuwa na kuchanganya. Ulikuwa unavumilia wimbo mbaya kwa heshima, ukitaka kuuruka unazungusha kwa kalamu.

Jeshi la Miwani

Kuchanganya ni dharau kwa msanii.

Mpita Njia

Na kurudia sekunde 15 mara nne ni heshima kwa nani?

Sikio la Kufa

AHSANTE! Na zile nne za mwisho je?

Dansa Mstaafu

Mimi hata nikisikiliza kwa mpangilio nasikia nusu. Spika ya sikio la kushoto imekuwa chini ghafla, ya kulia iko kawaida. Sauti za nyuma zote zimepotea. Kuna mwenye dawa?

Kiitikio

Ya kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Nikadhani ni mtindo mpya wa kurekodi, nikaandika na sifa.

Fulana Bure

Angalia kwenye mipangilio ya simu, kuna mahali mizani ya kushoto na kulia inahama yenyewe.

Dansa Mstaafu

Nimeangalia, iko katikati.

BintiKinanda

Basi ni nta. Toa ile mpira ya nje, safisha kile kiwavu kwa mswaki mkavu, kishikilie kikiangalia chini ili uchafu udondoke. Usitie maji wala usipulize kwa mdomo.

Dansa Mstaafu

Nilishapulizia.

BintiKinanda

Basi nunua nyingine.