Nimesapu kalkulasi, sapu ni Septemba, niko nyumbani Kigoma. Nianzie wapi?

BintiKibirizi

Habari za saa hizi wakuu. Nimemaliza mwaka wa kwanza, nasoma uchumi, na kalkulasi imenilaza. Nimepata 31, kwa hiyo narudia mtihani, ndiyo sapu yenyewe. Masomo mengine yote nimetoka salama, hata lile la stadi za mawasiliano ambalo sikuwahi kulinunulia daftari.

Nilisoma PCB (fizikia, kemia, biolojia), kwa hiyo hesabu zangu za kidato cha sita ni BAM tu, zile nyepesi za wasiochukua hesabu kama somo kuu. Kule tulidifarenshieti (kutafuta kasi ya badiliko) kwa kukariri: shusha kipeo, punguza moja, basi. Chuoni mhadhiri kaingia wiki ya kwanza anataka tuanzie kwenye msingi, na limiti juu, yaani thamani ambayo jibu linaikaribia. Mimi nakaa nyuma karibu na mlango, maana mbele wamejaa waliopiga PCM na EGM, wenye hesabu kamili, wananong'ona majibu swali halijaisha kuandikwa.

Sasa niko Kibirizi. Asubuhi namsaidia mama kuanika dagaa, mchana kugeuza, jioni kuanua. Msuli napiga usiku. Nina madesa (noti) ya muhula mzima na pasti pepa tatu. Swali lililoniua ni hili: difarenshieti y = x² kuanzia kwenye msingi, yaani x iongezwe h kidogo, badiko la y ligawiwe kwa h, kisha h ielekee sifuri. Nilifanya hivi:

(x + h)² − x² = x² + h² − x² = h²
h² ÷ h = h
h ikielekea 0, jibu 0

Najua jibu ni 2x, BAM yenyewe inajua! Lakini nimerudia mara tano na inanitoka sifuri tu. Kuna mtu wa tuisheni Mwanga anataka elfu tano kwa saa, na bumu, pesa ya mkopo wa chuo, liliisha zamani. Wengine wanasema nikariri pasti pepa. Nifanyeje?

Mwisho_wa_Reli

Pole dada. Mimi nilikariri pasti pepa nne na majibu yake. Wakabadilisha namba. Nikakeri, yaani nikabeba somo nikalirudia, mwaka uliofuata nikakaa darasa moja na mdogo wangu wa kuzaliwa. Niliyekuwa nakula naye nyumbani sahani moja!

Chaki_Nyeupe

Binti yangu, nimefundisha hesabu sekondari hapa Tabora miaka 27, sasa nafuga nyuki. Hatua zako nimezipitia mara mbili. Kalkulasi yako haina ubaya. Umeweka h, umegawa kwa h, umeipeleka kwenye sifuri, yote kwa mpangilio. Kosa liko mstari wa kwanza, nalo ni la kidato cha pili: (x + h)² si x² + h².

Usiniamini mimi, nenda kwenye kichanja cha mama. Tuseme ni mraba, mita 10 kwa 10, eneo 100. Urefu ukiongezwa mita 1 na upana mita 1, kinakuwa 11 kwa 11, eneo 121. Kwa hesabu yako ingekuwa 101. Zile 20 nani kazila? Chora mchangani. Mraba wa zamani uko palepale. Ubavuni kuna ukanda wa mita 10 kwa 1, juu kuna mwingine wa 10 kwa 1, na kwenye kona kimebaki kimraba cha 1 kwa 1. Wewe umeanika dagaa kwenye kona peke yake, kanda zote mbili umeziacha wazi.

Sasa nyongeza iwe 0.1. 10.1 mara 10.1 ni 102.01. Limeongezeka 2.01, gawa kwa 0.1 upate 20.1. Weka 0.01, utapata 20.01. Unaona inakokimbilia? 20, yaani 2 mara 10. Hizo ndizo kanda zako mbili, kila moja urefu wake x. Kale ka kona kanasinyaa upesi kuliko kanda, ndiyo maana mwisho hakahesabiki.

Na limiti isikutishe. Mwanahesabu Mjerumani Leibniz alichapisha hesabu hizi 1684, ila limiti ilikuja kunyooshwa na Mfaransa Cauchy 1821. Katikati hapo wakubwa walikuwa wanagawa kwa h ambayo mara ni sifuri, mara si sifuri, na majibu yanatoka.

Wiki mbili usifungue madesa. Azima kitabu cha kidato cha pili kwa mtoto wa jirani: mabano, vipeo, sehemu zenye herufi. Maswali ishirini kwa siku. Elfu tano yako kanunue mafuta ya kupikia.

Fundi_Gungu

Mwalimu yuko sahihi, ila wiki mbili ni nyingi, Septemba siyo mbali. Dada, mchana aljebra, usiku madesa. Na ukikutana na (3x + 1)⁵ usiandike 5(3x + 1)⁴ ukaondoka kama nilivyofanya mimi. Ndani ya mabano kuna 3 inasubiri: 15(3x + 1)⁴. Alama zangu ziliishia hapo.

BintiKibirizi

Shikamoo mwalimu. Kichanja chetu si mraba, kirefu kama reli, lakini nimechora mchangani kwa kijiti. Mama akaniuliza nampimia nani kiwanja. Nimepata x² + 2xh + h², nikatoa x², nikagawa kwa h, ikabaki 2x + h. Nimepiga kelele mpaka kunguru wakaruka!

Fundi, asante, hiyo ya 3 naibandika ukutani.

Nikajitia ujuzi nikajaribu x³. Kabla h haijaenda sifuri nina 3x² + 3xh + h². Ni sawa au nimepotea tena?

Chaki_Nyeupe

Marahaba. Ni sawa kabisa. Ila hapo kichanja kimegeuka boksi. Niambie hizo 3x² ziko upande gani wa boksi, na kwa nini ni tatu wala si sita. Jibu kesho, naenda kwenye mizinga.