Eliza angerudi kwa Higgins au asingerudi? Mimi nasema asingerudi

Jamani hili tulijadili vizuri, manake juzi hapa Malindi tulilizozania mpaka chai ikapoa vikombeni. Kuna mchezo wa kuigiza wa George Bernard Shaw unaitwa Pygmalion, ulionyeshwa mara ya kwanza Vienna 1913, na kuna filamu ya 1964, My Fair Lady, iliyotokana na huo huo mchezo. Hadithi ni moja, Eliza anauza maua London, Profesa Higgins anamfundisha kutamka Kiingereza cha wakubwa mpaka watu wanamdhania ni wa ukoo wa kifalme. Kinachogombaniwa ni mwisho. Kwenye mchezo Higgins anamuagiza akamnunulie glavu na tai kama vile hakuna kilichotokea, Eliza anamjibu nunua mwenyewe, huyoo katoka. Kwenye filamu Eliza anarudi, Higgins yuko kitini kofia imemfunika uso anauliza slipa zangu ziko wapi.

Wengi mlisema filamu ndio sawa, ati mtu amekutoa barabarani halafu unamgeuzia mgongo, asante ya punda mateke. Hapo nakataa kabisa. Eliza hakuokotwa. Alienda mwenyewe mpaka nyumbani kwa yule profesa akitaka kulipia masomo ili apate kazi kwenye duka la maua, na ile shilingi aliyotaka kulipa kwa somo, Higgins mwenyewe aliipigia hesabu akaona ni sehemu mbili kwa tano ya anachopata kwa siku, sawa na tajiri wa mamilioni kutoa pauni 60. Mtu yuko tayari kutoa karibu nusu ya riziki yake ya siku, deni gani tena mnamdai?

Na hili linaniuma kwa sababu nimeliona nyumbani. Binamu yangu alitoka Lamu kwa nauli yake kuja kufanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja huku, supavaiza akamwambia hiyo Kiamu yako, Kiswahili cha Lamu, wageni kutoka Nairobi hawaielewi, jifunze kusema. Basi usiku namkuta mbele ya kioo kidogo amejishika kidevu anarudia njoo, njoo, njia, macho, manake ulimi wake unataka ndoo, ndia, mato. Akafaulu. Mwaka ule akarudi kwao Maulidi, wamekaa na shangazi zake wanachagua mchele kwenye uteo, akasema nisogezeeni mchele, sio mtele, mikono yote ikasimama. Shangazi akamuuliza, "Nawe u wa wapi siku hizi?" Hakujibu, aliendelea kuokota vijiwe.

Kwenye mchezo Eliza anamwambia Pickering, rafiki yake Higgins, kwamba ameshasahau lugha yake, hana nyingine ila ile yao. Nlipofika hapo nlifunga kitabu. Na hii Kiamu inayoonekana ya kishamba ndio iliyobeba utenzi wa Mwana Kupona 1858, sanifu ilikuja kuchaguliwa kutoka Kiunguja kwenye mkutano wa Mombasa 1928, kwa hivyo msiniambie kuna ulimi uliozaliwa juu na mwingine chini.

Filamu naipenda, nyimbo ni tamu na Oscar 8 ilistahili. Lakini hata pale nyimbo nyingi za Eliza, Audrey Hepburn anafungua mdomo tu, sauti ni ya Marni Nixon, yaani hadithi ya msichana na sauti yake halafu sauti yenyewe wakaibadilisha, mimi hilo linanisikitisha. Na hamu ya kumrudisha Eliza haikuanza na filamu. London 1914 muigizaji wa Higgins alikuwa anamrushia Eliza maua mwishoni ili watu wadhani wataoana, Shaw akakasirika mpaka 1916 akaongeza maelezo marefu kwamba Eliza anaolewa na Freddy, kijana aliyempenda, na anafungua duka la maua. Huyo Freddy sina haja naye. Duka ndio hoja yangu, manake ndilo alilolifuata tangu siku ya kwanza.

Binamu yangu aliacha hoteli. Yuko Lamu anafundisha wageni Kiswahili barazani kwao kwa bei yake mwenyewe, anawafundisha njia na ndia zote mbili, na yule supavaiza mpaka leo anawaambia watu mimi ndio nilimtengeneza yule. Sasa nyie mnaosema Eliza angerudi nijibuni hili tu: ile shilingi ya kwanza ilikuwa itoke mfuko wa nani?