Je, kumlipia muuguzi karo humfanya abaki kazini?

Msimamizi wa kituo, Kisumu:

Wanajukwaa, salamu. Ninasimamia kituo cha afya cha kibinafsi hapa Kisumu chenye wafanyakazi 34, na 14 kati yao ni wauguzi. Wengi wa wauguzi hao wana cheti, na kila mwaka huja ofisini kuomba msaada wa karo ili wasomee stashahada. Miaka michache iliyopita tuliwalipia wawili nusu ya karo. Mmoja tungali naye. Wa pili alihitimu, akapata kazi ya kaunti na kuondoka kabla mwaka haujaisha, na tangu siku hiyo mwenye kituo hataki kusikia habari za karo, kwani anasema tunawasomeshea wengine wafanyakazi. Mimi sijashawishika, kwa sababu ndiye ninayepanga zamu na najua kinachotupata muuguzi anapoondoka: wenzake hufanya usiku mfululizo, mgeni huchukua miezi kadhaa kuzoea wodi, na akina mama wajawazito waliokuwa wakimuulizia kwa jina huanza kwenda kwingine. Naomba kuuliza waliowahi kujaribu: je, msaada wa karo hupunguza watu kuacha kazi, au ni kuwapa nauli ya kuondokea? Na bondi, yaani mkataba wa kukaa kazini kwa muda fulani baada ya masomo au kurudisha karo, je, inasaidia?

Afisa wa wafanyakazi, Nakuru:

Ndugu msimamizi, hofu ya mwenye kituo si ya jana. Mwanauchumi Gary Becker wa Marekani alieleza mwaka 1964 kwamba ujuzi unaofaa mahali popote humfaidi mfanyakazi mwenyewe, kwa hiyo mwajiri hana sababu ya kuugharamia, tofauti na ujuzi unaofaa katika kampuni moja tu. Stashahada ya uuguzi ni ujuzi wa aina ya kwanza. Hata hivyo waajiri wengi wa huko Marekani hulipa karo, na sheria yao ya kodi iliwaruhusu kwa miaka mingi kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kuhesabiwa kuwa mapato yake.

Mfano ninaoupenda ni wa kampuni ya bima ya Cigna, ambayo mpango wake wa karo wa mwaka 2012 hadi 2014 ulichunguzwa kwa hesabu. Ilionekana kwamba kila dola moja iliyotumika ilirudi, tena ikaleta akiba ya dola 1.29 juu yake, kwa sababu kampuni ilipunguza gharama za kutafuta watu nje. Waliosoma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki, kwa asilimia 8, na wa kupandishwa cheo, kwa asilimia 10. Tusichukue takwimu hizo bila tahadhari, kwani huenda anayeomba kusoma ndiye aliyekuwa na bidii na nia ya kukaa tangu mwanzo. Lakini naomba uziangalie tarakimu hizo mbili pamoja: waliobaki ni watu wa kampuni iliyokuwa pia ikiwapandisha.

Muuguzi, Kakamega:

Nimesoma swali hili mara mbili, kwa maana mimi ni kama huyo wa pili aliyeondoka. Hospitali niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, ilinilipia sehemu ya karo, nami nikasoma kwa masafa huku nikifanya zamu za usiku. Vitabu vyangu vilikaa kwenye rafu ya chini ya toroli ya dawa, na wodi ilipotulia baada ya saa nane za usiku nilivuta kiti karibu na taa ya korido na kusoma hadi mtoto wa kwanza alipolia. Wenzangu walinishikia zamu siku za mtihani. Nilikuwa na shukrani, na sikuwa na wazo la kuondoka.

Nilipopata leseni mpya nilipeleka nakala ofisini ndani ya bahasha ya kaki. Niliambiwa ahsante, na kwamba bajeti itaangaliwa. Nilikaa miezi saba nikifanya kazi ya stashahada kwa mshahara wa cheti, katika zamu zilezile, huku nikiagizwa kuwaelekeza wauguzi wapya waliolipwa kunizidi. Kaunti ilipotangaza nafasi niliomba siku hiyohiyo. Bondi nilikuwa nimeisaini, na niliilipa kidogo kidogo hadi ikaisha. Kwa hiyo, ndugu yangu, bondi inaweza kuuchelewesha mwili, lakini moyo ulikwisha kuondoka tangu ile siku ya bahasha.

Mhasibu, Nakuru:

Nitagusia fedha tu. Mwajiri hutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na kwa watu 34 hiyo ni shilingi 20,400 kwa mwaka. Anayelipa tozo hiyo anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa, kwa hiyo ulizeni mapema, kabla ya masomo kuanza. Kuhusu bondi, andikeni deni linalopungua kila mwezi anaokaa, badala ya kumdai kiasi chote hata akiwa amebakisha wiki mbili. Mkimkata mshahara, kumbukeni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara wake.

Msimamizi wa kituo, Kisumu:

Nawashukuru nyote, na zaidi dada wa Kakamega. Baada ya kukusoma nilitoa kabatini faili za wauguzi wetu wawili na kuzilinganisha. Aliyebaki alipewa usimamizi wa wodi ya uzazi mwezi uleule aliomaliza, kwa bahati tu, kwa kuwa aliyekuwapo alikuwa amestaafu. Aliyeondoka aliandika barua mbili za kuomba mshahara wake uangaliwe upya. Zote zina muhuri wa kupokelewa, na hakuna nakala ya jibu. Muhuri huo ni wa ofisi yangu.

Ijumaa nakutana na mwenye kituo. Nitampelekea faili zote mbili, pamoja na pendekezo kwamba tusimlipie mtu yeyote karo kabla ya kuandika katika barua hiyohiyo atapewa kazi gani na mshahara gani atakapohitimu. Kama hatuwezi kumudu mshahara huo, basi ni heri tumwambie mapema. Ndugu mhasibu, ukiwa na mfano wa bondi ya namna uliyoieleza, naomba uuweke hapa kabla ya siku hiyo.