Mrejesho: sura ya pili ya PhD iliyonigomea

Wakuu, mwezi wa tatu nililia hapa kwamba nimesoma makala zaidi ya 200 ila sura ya mapitio (ya kazi za watafiti wengine) haina hata ukurasa mmoja, mkaniambia nianze kuandika kabla sijamaliza kusoma. Nimefanya hivyo, nusu saa kila alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, sasa nina kurasa 34. Zotero, ile programu ya kutunza marejeo, nayo imeniokoa, marejeo yanajipanga yenyewe (ila majina mengine yanaingia kinyume, kagueni). Kile kikundi cha kuandika pamoja Jumamosi kilikufa wiki ya pili, kila mtu ana udhuru. Na supavaiza karudisha rasimu nyekundu tupu, eti nimeorodhesha nani kasema nini, hoja yangu haionekani. Ndo naiandika upya. Asanteni sana, hasa yule aliyenichamba.