Nesi wa afya ya akili kuja nyumbani Katubuka, tumruhusu?

MwanaKatubuka:
Habari zenu wanajukwaa. Tuko Katubuka, Kigoma mjini. Mdogo wangu alilazwa hospitali ya Maweni, hapati usingizi, anaongea peke yake, anasema wavuvi wa Kibirizi wanamsaka. Ametoka na dawa mbili, haloperidol na artane. Sasa ameanza kuziacha, anadai zinamkakamaza shingo. Nesi amesema atakuwa anakuja nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Mama hataki kabisa: wakija na vizibao vyao mtaa mzima utajua, na dada yetu ana posa. Mjomba naye anataka apelekwe Ujiji akasomewe. Waliopitia haya, hao watu wakija wanafanya nini hasa?

Kipepe77:
Mkuu, hizo dawa zinamfanya mtu zezeta. Msikilizeni mjomba.

NesiMstaafu:
Mwanangu, kazi hii nimeifanya wodini na mitaani mpaka nikastaafu.

Hiyo shingo si jini wala ukaidi, ni haloperidol. Artane alipewa kwa ajili hiyo. Huenda anameza moja anaacha nyingine, au dozi imemzidi. Hurekebishwa, ila anayerekebisha lazima amwone. Shingo ikipinda au macho yakikwama juu, msingoje ziara, mpelekeni hospitali muda huo huo.

Tukija hatufanyi maajabu. Mimi nilikuwa nakaa barazani na mama wa nyumba, akiwa na dagaa wa kuchambua nachambua naye. Huku naangalia. Kijana ameoga? Anakula sinia moja na wenzake au katengewa sahani pembeni? Anapata usingizi? Kwa wengi usingizi hupotea kwanza, maneno ya ajabu yanafuata baadaye. Halafu naomba pakiti ya dawa, nahesabu. Vidonge vikizidi sigombi, nauliza nani anampa. Nyumba nyingi watakwambia "anakunywa mwenyewe", na mgonjwa anarudi wodini kwa sababu hiyo tu. Tunachagua mtu mmoja wa kumsimamia, mara nyingi si mama, ni dada au shemeji ambaye hawabishani. Akigoma vidonge kabisa kuna sindano ya fluphenazine, huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Mwulizeni daktari.

Vizibao? Mwambieni nesi avivue, aje na kanga yake kama mgeni mwingine. Kutunza siri ya mgonjwa ni wajibu wake, si hisani. Ila mama mwambie kwa upole kwamba mtaa unajua. Kijana anakesha akipiga kelele, nyumba zilivyobanana pale, nani hakusikia? Wasichojua ni kwamba anatibiwa.

Kusomewa, asomewe. Sijawahi kugombana na sheikh kwa ajili ya Qur'ani. Nagombana na anayesimamisha dawa, anayemfunga mtu kamba, anayemshindisha njaa. Nenda wewe na mjomba, mmwambie sheikh mapema kwamba kijana ana dawa na ataendelea nazo. Wapo masheikh walioniletea wagonjwa wao wenyewe.

Na wewe Kipepe, hujakosea yote. Dozi ikizidi mtu huzubaa kweli. Basi dozi ipunguzwe na daktari. Akikata ghafla, ugonjwa unarudi.

MwalimuGungu:
Niongeze kidogo. Harare, Zimbabwe, mtaa wa Mbare, daktari wa akili Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaani. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na watu waliolemewa na mawazo, wakitafuta pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliopita kwenye benchi walipungukiwa sana na sonona. Hilo halichukui nafasi ya dawa za mdogo wako. Ila nikisoma ulivyoandika, mwenye kuhitaji benchi ni mama yako. Nesi akija, mwombeni azungumze naye pia.

MwanaKatubuka:
Asanteni, bibi Mungu akuzidishie. Nimemsomea mama, amekubali nesi aje jioni, bila kizibao. Mjomba bado kanuna. Swali la mwisho: Ramadhani ikifika akitaka kufunga, dawa ya mchana inakuwaje?

NesiMstaafu:
Mwulize nesi kabla mwezi haujaandama. Dawa nyingi zinaweza kupangwa futari na daku, lakini anapanga daktari, si nyinyi. Na daku ikimkatiza usingizi kila usiku mwambieni pia, anaweza kumshauri asifunge. Mgonjwa ana ruhusa.