Kioo gani kwa kompyuta ya mkononi ya kujitengenezea: Nokia 5110, OLED au Sharp?

FundiKibirizi (Kigoma): Wakuu, naunda kompyuta ndogo ya kuandikia mahesabu ya dagaa mwaloni. Ndani ni ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta), betri ni 18650, zile za duara nilizotoa kwenye laptop mbovu. Nataka kioo cha rangi moja kinachosomeka juani na kisichomaliza chaji. Mnashauri kipi?

AsaliTabora: Mkuu, OLED weka pembeni. Kila nukta inajiwakia yenyewe, ukijaza maandishi inakula kama miliampia 20, na jua la saa saba linaififisha. Cha 5110, kile cha simu ya zamani ya Nokia, ukizima taa yake hakifiki miliampia 1, kinatumia volti 3.3 kama ESP32 yako, na bei yake haiumi. Ubaya ni nukta 84 kwa 48, yaani mistari 6 ya herufi 14. Jina la mvuvi na kilo zake vinaenea, jedwali halienei.

BintiUjiji: Kaka, mfuko ukiruhusu chukua Sharp LS027B7DH01. Inchi 2.7, nukta 400 kwa 240, sawa na za Playdate (kifaa cha michezo cha mkononi). Kila nukta inakumbuka hali yake, kwa hiyo unailaza ESP32 na hesabu inabaki kiooni kwa mikrowati tu. Jua likiwaka ndipo kinasomeka vizuri zaidi.

Ila kina masharti. Kinataka volti 5, utahitaji kipandisha volti. Halafu pini yake iitwayo EXTCOMIN ipigwe mapigo ya umeme, kama 1 kwa sekunde, hata ESP32 ikiwa imelala, la sivyo kioo kinaharibika taratibu. Mimi kazi hiyo naipa DS3231, chipu ya saa, ina pini ya kutoa pigo la hezi 1. Usisahau kuiwekea pini hiyo rizista ya kuivuta juu (pull-up).

FundiKibirizi: Asante sana dada. Dagaa wanashushwa alfajiri, bado giza. Taa je?

BintiUjiji: Hakina. Weka LED ndogo ubavuni imulike kutoka mbele, iwake ukibonyeza tu.

MzeeReli (Tabora): Na e-ink, kile kioo cha visomea vitabu, vijana?

AsaliTabora: Shikamoo mzee. Ikitulia haili kitu, ila nyingi zinachukua sekunde kadhaa kubadilisha ukurasa mzima. Kwa kusomea inafaa. Kuingiza kilo huku watu wamepanga foleni, hapana.

FundiKibirizi: Basi naanza na 5110, Sharp nitaagiza baadaye.

BintiUjiji: Andika programu kwa U8g2, maktaba ya kuchorea kwenye vioo, inavijua vyote viwili. Na ukiagiza Sharp, tafuta iliyokuja na bodi yake. Utepe wake una pini 10 zilizoachana nusu milimita, kuulehemu kwa mkono ni kuutafutia kifo.